Kaka, kuhusu ule mkorosho wa mama

Shikamoo kaka. Simu yangu ya Jumapili hupokei, kwa hiyo naandika huku maana najua huwa unapita hata kama husemi kitu. Meseji yako nimeirudia mara nyingi, ile ya kwamba nimwambie Mungu aache kukusubiri, we ulishamalizana naye siku ya msiba wa mama. Na kwa siku ile sikulaumu, maneno uliyoambiwa mbele ya jeneza yalikuwa makali na mpaka leo hakuna aliyekuja kukuomba radhi. Inaniuma hata mimi.

Ila hapo kwenye kusubiri ndo nataka tuongee. Unaukumbuka ule mkorosho wa nyuma ya nyumba hapa Masasi, baba aliotaka kuukata? Mkorosho mwaka wa tatu hivi unatakiwa uanze kukuonyesha kitu, ule ukafika wa sita majani tu, maua yakitokea ubwiriunga, ule ugonjwa wa unga mweupe, unayamaliza. Mama akagoma usikatwe. Akawa anaupalilia yeye mwenyewe na jembe lake, msimu wa dawa ukifika anataka nao upigwe salfa kama mingine, baba analalamika salfa ni hela jamani mnaimwagia kuni, na we ndo ulikuwa unabeba ile mashine mgongoni huku unanuna.

Sasa juzi nasoma Luka 13, ule mfano wa mtini, nikamwona mama kabisa. Mwenye shamba anasema miaka mitatu nakuja kutafuta matunda sipati, ukate, unaharibu ardhi bure, na mtunza shamba anamjibu bwana uache na mwaka huu, niupalilie niuwekee samadi. Yaani mimi miaka yote nilidhani Mungu kutuvumilia ni kukaa huko mbali kimya anahesabu makosa mpaka yamfike shingoni, kumbe yule mtunza shamba ameinama, mikono imejaa samadi, anahangaikia mti ambao haujampa hata tunda la kuonja.

Na usiache hapo, soma mpaka mwisho wa sura hiyo hiyo, Yesu anaulilia Yerusalemu, mara ngapi nimetaka kuwakusanya watoto wako kama kuku na vifaranga vyake chini ya mabawa na hamkutaka. Hamkutaka, kasema mwenyewe, hajaficha kwamba kakataliwa, halafu safari yake ni ya kwenda huko huko kwa hao hao waliomkataa na anajua kabisa watamfanya nini. Ndo maana ile meseji yako siwezi kuipeleka kaka, huyo unayetaka aache kukusubiri alishaambiwa sikutaki na watu wengi kabla yako na akaendelea kuwafuata.

Mfano wenyewe hausemi mtini ulizaa au haukuzaa, unaishia kwa mtu anayeomba mwaka mmoja zaidi. Ule wetu sikudanganyi kwamba ulikuja kujaza magunia, zilitoka chache tu, mama akazikaanga zote siku moja akatugawia, na we ulipewa nyingi kutuzidi sababu ya ile mashine.

Jumamosi nakuja Mtwara na basi la asubuhi. Ming'oko, vile viazi vyetu vya porini, imeanza kutoka, nakuletea, we tafuta mafuta na chumvi. Habari za kanisa kama hutaki siziongei, nataka tu tukae.