Mwenye mawazo lazima awe na huzuni?

Mhariri,

Huu mwaka wa 22 naanika dagaa Kibirizi, hapa Kigoma. Juzi mitumbwi ilirudi imejaa, na tulipokuwa tukigeuza dagaa vichanjani, shoga yangu akamwigiza mnunuzi mmoja anayepima mzigo kwa macho huku kajishika kiuno. Tulicheka hadi mwenzetu akakaa mchangani. Mzee mmoja aliyekuwa akipita akatuuliza, "Kwani ninyi hamna mawazo?"

Swali hilo limenikaa. Kwa Kiswahili chetu, ukisikia fulani ana mawazo, unampa pole. Hakuna anayeuliza anawaza zuri gani. Kana kwamba kichwa hufunguliwa siku ya msiba na ya madeni tu. Hata faraja tumeipangia zamu, ije baada ya dhiki. Na safu ya hekima gazetini kwako kila wiki ni subira, mitihani, kifo.

Mwanangu anayesoma falsafa chuoni amenisimulia habari za Epicurus, Mgiriki aliyezaliwa kisiwani Samos mwaka 341 kabla ya Kristo, akafundisha bustanini kwake Athens. Kwa kuitetea raha, watu wamemfanya mlafi. Kumbe alimwandikia rafiki yake amletee chungu kidogo cha jibini, ili siku akitaka afanye karamu! Mlafi gani huyo?

Ila kuna pahala namkatalia. Kwake raha kuu ni mwili usioumwa na moyo usiohangaika. Juzi mgongo ulikuwa unaniuma na marejesho ya kikoba sijayapata, bado nilifurahi. Wala hayakuwa malipo, maana dagaa walikuwa hawajauzwa. Furaha ilikuwa humo humo kazini. Mwanangu anasema Aristotle, mwanafalsafa mwingine wa Kigiriki, aligusa hapo: raha hulikamilisha tendo, kama uzuri unavyomkalia kijana aliye katika ubora wake. Huyo naona angeelewana na shoga yangu.

Namwomba mwandishi wa safu hiyo aje Kibirizi wakati wa mbalamwezi, taa zisipovuta dagaa na mitumbwi imepumzika. Atuulize raha, starehe na anasa zinaachana wapi. Sisi wenyewe tumebishana na hatujamaliza. Ugali wa muhogo na migebuka ya mawese vitakuwepo. Asichelewe tu hadi giza lirudi, tutakuwa na kazi.

Mwanika dagaa,
Kibirizi, Kigoma