Kuhusu orodha ya nyimbo zako za Machi

Shoga yangu mpenzi,

Hujambo? Orodha uliyonitumia, ya nyimbo utakazoimba kwenye onyesho lako la Machi, nimeipitia yote. Nyimbo umechagua vizuri, ila shangwe imewahi mno. Wageni wako huko Ujerumani mwanzoni mwa Machi wataingia kanisani na makoti mazito, pengine theluji ingali nje. Waanzie hapo walipo.

Fungua na "Frühlingstraum" (Ndoto ya masika) ya mtunzi Schubert, wimbo wa 11 kati ya 24 za mfululizo wake wa Winterreise (Safari ya majira ya baridi, 1827). Mtu anaota maua na ndege, majogoo yanawika, anazinduka kwenye giza na baridi, kisha anaona majani yaliyochorwa na barafu kwenye kioo cha dirisha. Schubert ametaka mwendo wa aina tatu: wa kuchangamka kidogo, wa haraka, kisha wa polepole. Wengi hukimbiza ile ndoto, basi majogoo yakifika hakuna kinachobadilika na mshtuko wote umepotea. Ndoto iimbe kwa sauti nyepesi, kama unayembembeleza mtoto, na ile sehemu ya polepole usiijaze huzuni, piano imeshaibeba.

"Frühlingsglaube" (Imani ya masika, 1820), yake Schubert pia, ifuate papo hapo. Shairi lake, la mshairi Uhland, linasema sasa kila kitu hakina budi kugeuka. Hiyo ni imani, furaha bado. Mistari yake ni mirefu, na mwendo ukivutwa pumzi inaisha njiani, kwa hiyo mwombe mpiga piano asikusubiri bali aendelee kutiririka.

Shairi la Mörike la kuyalaki masika, "Er ist's", liweke mara mbili mfululizo: kwanza kwa muziki wa Schumann (1849), kisha kwa muziki wa Hugo Wolf (1888). Watu hupenda kusikia maneno yaleyale yakivaa nguo mbili. Kwa Wolf jihadhari: wewe ukimaliza, piano bado ina safari ndefu yenye kishindo, na watu hupiga makofi juu yake. Usishushe mabega wala macho mpaka noti ya mwisho izimike. Mwili wako ndio utakaowazuia.

Wimbo wa Rachmaninov wa maji ya masika, opus 14 namba 11, uutoe mwanzoni uupeleke mwisho. Mshairi wake, Tyutchev, anasema mashamba bado meupe kwa theluji lakini maji yameshaanza kuvuma. Hakuna wimbo unaoifaa Machi kuliko huo. Piano yake ni ngumu na ina nguvu sana, inakushawishi utoe sauti yote ukurasa wa kwanza. Usikubali. Kifuniko cha piano kiwekwe kwenye kijiti kifupi, kifunguke kidogo tu, isije ikakufunika sauti.

Sasa ukumbi, maana hapa ndipo shughuli nyingi huharibikia. Hita ikiwashwa, hewa inakauka, mbao za piano zinasinyaa na nyuzi zinashuka sauti, tena si zote kwa kiasi kimoja. Fundi akiirekebisha kanisa likiwa baridi, kazi yake yote itakuwa bure jioni. Hita iwashwe tangu siku iliyotangulia, fundi aje siku yenyewe joto likiwa lilelile la onyesho. Koo lako nalo linakaushwa na hewa hiyohiyo: kunywa maji kidogo kidogo tangu asubuhi, kwani glasi ya dakika ya mwisho haisaidii kitu. Pasha sauti kwenye chumba chenye joto, na koti ulivue dakika chache tu kabla ya kutoka.

Kijitabu cha tafsiri kipange ili wimbo usikatike kati ya kurasa mbili. Watu mia wakifunua karatasi pamoja katikati ya mstari wa polepole, mstari umekwenda. Taa za wasikilizaji zibaki na mwanga wa kusomea, na juu kabisa uandike kwamba makofi yangoje mwisho wa kila fungu.

Wakidai nyongeza, wape "Frühlingsnacht" (Usiku wa masika) ya Schumann (1840). Ni fupi sana, ina haraka ya furaha, na haihitaji kuandikwa kitabuni. Nitumie orodha mpya kabla hujachapisha.

Wasalimie wote hapo nyumbani.

Rafiki yako