Biskuti za skauti: tujue fedha zinakokwenda

Mhariri,

Naandika kuhusu biskuti zinazouzwa na mabinti wa Girl Scouts hapa Marekani, desturi iliyoanzia Muskogee, Oklahoma, mwaka 1917. Sehemu kubwa ya bei hugawanywa kati ya kiwanda na baraza la Girl Scouts la eneo. Kikundi chenyewe cha mabinti huambulia kidogo.

Hata hivyo siwakatai. Jumamosi iliyopita, nje ya duka, binti wa miaka minane hivi alivua glavu kwenye baridi ile akanihesabia chenji mara mbili asije akakosea. Hilo nililipia kwa moyo mmoja. (Thin Mints zenyewe, zile biskuti zao za chokoleti na mnanaa, kwangu mimi, ni kama kula dawa ya meno.)

Napendekeza bango la mezani lionyeshe kiasi kinachobaki kikundini kwa kila pakiti. Asiyetaka sukari amkabidhi kiongozi wao mchango taslimu.

Msomaji wako,
Minneapolis