Mdogo wangu, kile kiti nimeshakikalia

Ugonile, mdogo wangu.

Simu hupokei. Meseji unazisoma, unanyamaza. Basi naandika hapa, najua vijana wa hapo nyumbani watakuonyesha. Jina lako silitaji. Utajijua ukifika kwenye nailoni.

Siku ile ya sendofu ya mwanangu, hapa Uyole, uliingia na kitenge kipya, umejipaka mafuta mpaka viwikoni. Baridi ya Juni, unaikumbuka. Nilikupokea kwa vigelegele, na kabla hujakaa nikavuta ile nailoni ya bluu nikaitandika kwenye kochi. Mbele ya mashangazi wote. Uliitazama, ukasema, "Asante dada, umenifikiria." Ukakaa juu yake. Ikawa inalia kila ulipojisogeza, na pilau hukuligusa. Saa kumi jioni ulikuwa umeshapanda kosta ya Tukuyu bila kuniaga.

Makochi yale yalikuwa ya kuazima. Hilo nataka ulijue. Mwenyewe alinisisitiza mara mbili yasichafuke, nami nilikuwa na wageni wa upande wa pili wanaingia. Lakini watoto walizunguka na soda mikononi siku nzima, na sikumtandikia hata mmoja.

Na wewe ukaenda kumwambia shangazi kwamba nimekutenga. Mimi? Nani alikusindikiza hospitali ya CCBRT, Dar es Salaam, nauli ilipoingia kwa M-Pesa? Nani alimwaga mfuko wa mkojo siku zote 14 ulizokaa na mpira wa mkojo? Daktari alipoeleza kwamba kichwa cha mtoto kilikandamiza nyama kati ya kibofu na uke, damu ikakosa njia, nyama ikafa na kuacha tundu, mimi ndiye niliyetoka nje kulia. Wewe hukulia. Siku tatu za uchungu ukweni, mtoto akatoka amekufa, na mpaka leo chozi lako sijaliona.

Siku ya pili ya uchungu ule ulinipigia simu. Nikakuambia uzazi wa kwanza huchelewa, vumilia. Ndivyo nilivyoambiwa mimi, na mimi nilijifungua salama. Ningejuaje? Niambie, ningejuaje?

Tundu lilizibwa, tukashukuru Mungu. Na tuliambiwa mapema kabisa kwamba wapo wanaoendelea kuvuja hata baada ya kuzibwa, hasa wakikohoa au wakicheka, na kwamba yapo mazoezi ya misuli ya nyonga. Wewe mazoezi uliyafanya wiki mbili, kisha ukaamua kuacha kucheka. Ukaacha kwaya. Ukaacha kikoba. Tarehe 23 Mei redio ilipotangaza siku ya fistula duniani, tundu kama lile lako, uliizima ukaingia ndani. Nimeambiwa.

Nilipokutajia mshauri nasaha ulinijibu mambo mawili. La kwanza, "Mimi si mtu wa Mirembe." Hilo sikukulaumu, hata mimi nilidhani ukishaonana na watu wa saikolojia, safari ya Dodoma, hospitali ya wagonjwa wa akili, imeanza. La pili ulilisema taratibu: "Dada, saa nzima kwenye kiti cha watu?"

Sikuwa na jibu. Jumatano iliyopita nikaenda mjini mwenyewe kukuulizia. Nilimkuta mama wa makamo, anaongea kidogo. Nikaanza na habari zako, nikashtukia namweleza kwamba makochi yalikuwa ya kuazima. Nikamweleza tena. Kisha ile simu. Hakuniambia nimekosea, wala hakuniambia sikukosea. Akanisogezea maji.

Nilipokuwa naondoka nikamuuliza lile lako: je, akilowesha kiti?

Akasema, "Tutakifuta."

Basi. Hakuongeza kitu.

Kiti chenyewe ni cha plastiki, kama vile vya msibani. Nimekikalia. Choo ni mlango wa pili ukitoka, wala hupiti kwenye foleni ya watu. Amesema ukitaka kusimama muda wote, simama. Ukitaka kunyamaza, nyamaza, mradi umefika. Jumatano hii ana nafasi saa nne. Panda kosta ya asubuhi, shuka Uyole, utanikuta hapo barabarani kwa wauza ndizi, tutakwenda pamoja.

Beba khanga ya akiba. Mimi nitakuwa nayo nyingine kwenye mkoba.