Risala ya Klabu ya Filamu kwa Mgeni Rasmi

Ndugu mgeni rasmi, Mwalimu Mkuu, walimu wetu, wazazi na walezi, wanafunzi wenzetu, mabibi na mabwana,

Kwa niaba ya wanafunzi 14 wa klabu ya filamu, tunakukaribisha kwa furaha na kukushukuru kwa kuitikia mwaliko wetu. Muda si mrefu taa zitazimwa na utatazama filamu yetu ya dakika 7. Kabla ya hapo tunaomba tukueleze jinsi tulivyojifunza vifaa tulivyoitengenezea, kwa kuwa ukiwa umekaa hapo mbele hutaviona.

Tulianza na simu. Kila mmoja wetu aliamini anaijua simu. Siku ya kwanza tulimrekodi msichana akisoma barua dirishani. Alipoinama, picha ikapauka. Alipoinua kichwa, ikaingia giza. Na katikati ya sentensi uso wake ukageuka kutoka umanjano kwenda ubuluu. Simu haikuwa mbovu. Ilikuwa ikijiamulia kila mwanga ulipobadilika, kwa sababu sisi hatukuwa tumeamua lolote. Tangu siku hiyo kazi yetu imekuwa kuyarudisha maamuzi mikononi mwetu, moja baada ya jingine.

Tulijifunza kufunga mwangaza na fokasi, yaani ukali wa picha, zisihame. Tulichagua fremu 24, yaani picha moja moja 24, kwa sekunde, na kasi ya shata ya 1/50, yaani kila fremu ipokee mwanga kwa sehemu ya 50 ya sekunde, ili mkono unaopunga uache ukungu kidogo, kama macho yalivyozoea sinema. Tulijifunza kuiambia kamera weupe ni upi: kiasi cha kelvini 5600, kipimo cha rangi ya mwanga, kwenye jua la mchana, na 3200 kwenye taa za tungsten, zile balbu za waya zenye mwanga wa manjano. Taa nayo ina hesabu yake. Ukiisogeza hadi mara mbili ya umbali wa mwanzo, mwanga unaomfikia mwigizaji unabaki robo. Palipokosekana taa ya pili, shuka jeupe lililonyooshwa na wanafunzi wawili lilirudisha mwanga usoni vizuri sana.

Ndugu mgeni rasmi, sauti ndiyo iliyotutoa jasho. Maikrofoni ya simu, ikiwa mita 3 kutoka kwa mwigizaji, ilinasa feni na viti kuliko maneno. Ikabidi turekodi sauti kwa kinasa sauti cha pembeni, maikrofoni ikiwa kwenye fimbo, juu kidogo ya ukingo wa picha. Sasa picha iko kwenye faili moja na sauti kwenye faili jingine, na hapo ndipo tulipoelewa klapa, zile mbao mbili zinazogonganishwa mbele ya kamera, ni ya nini. Mhariri hutafuta fremu ambayo mbao mbili zinakutana, kisha mchomo wa ule mlio kwenye mchoro wa sauti, na kuvilinganisha. Akikosea fremu moja, ni sehemu ya 24 ya sekunde.

Tulilinganisha, tukafurahi. Lakini kwenye onyesho la dakika 4, midomo ilianza sawa na maneno na ikamaliza ikiwa imeachana nayo. Tulikata na kusogeza kwa siku mbili bila mafanikio. Mwishowe tukagundua kwamba, ingawa tulichagua fremu 24, simu ilikuwa ikipunguza kasi kidogo kila chumba kilipoingia giza. Uamuzi mwingine ambao haukuwa wetu! Tulipitisha mafaili yote kwenye programu ya HandBrake ili kasi iwe moja tangu mwanzo hadi mwisho, na maneno yakarudi midomoni.

Uhariri tuliufanya kwa toleo la bure la programu ya DaVinci Resolve. Kompyuta zilipolemewa, tulitengeneza nakala nyepesi za picha za kuhariria, na zile nzito tukazirudisha mwishoni. Kuhifadhi kazi tulijifunza kwa uchungu: kadi moja ilifutwa kabla ya mafaili kuhamishwa, na kazi ya siku nzima ikapotea. Sasa kila faili lina nakala 3, kwenye hifadhi za aina 2, na nakala 1 hukaa nje ya shule. Tuliandika pia manukuu kwa ajili ya wenzetu wasiosikia, yakieleza maneno na pia mlango unaobishwa na redio inayozimwa. Kazi hii tunaionea fahari ya pekee.

Ndugu mgeni rasmi, kinasa sauti na maikrofoni tulivyotumia ni vya kuazima, na vimesharudishwa kwa wenyewe. Tunaomba utusaidie tupate vya kwetu, pamoja na diski 2 za nje. Tunauomba pia uongozi wa shule uturuhusu kutumia chumba cha kompyuta baada ya masomo, kwa kuwa uhariri wa dakika 7 ulitumia jioni nyingi kuliko upigaji wa picha.

Katika dakika ya 5 utamwona msichana akiikunja barua bila kusema neno. Unachokisikia hapo ni chumba chenyewe. Baada ya kupiga picha tulisimama wote 14, tukatulia kwa sekunde 30, kinasa sauti kikiwa wazi. Tunakuomba ukifika hapo uzisikilize.

Tunaomba kuwasilisha.