Mlima Hanang haukulipuka

Ndugu Mhariri,

Mapumziko ya Nane Nane wenzetu wengi hapa Mwanza waliyamalizia viwanja vya maonesho, Nyamhongolo. Sisi watano tulipanda basi Nyegezi, tukapita Shinyanga, Nzega na Singida hadi Katesh, kuupanda Mlima Hanang. Mzee jirani yangu alipotuona na mabegi na fimbo akauliza, "Kwani mmepotelewa na ng'ombe?"

Huyo alitutania tu. Walionifanya nishike kalamu ni wale waliotushangaa kwamba tunakwenda kwenye mlima uliolipuka juzijuzi. Haukulipuka. Hanang ni volkano kweli, ila imelala siku nyingi. Kilichotokea Desemba 3, 2023 ni mvua: sehemu ya mlima yenye miamba dhaifu ilinyonya maji, ikameguka, na tope likateremka na magogo na mawe hadi Katesh na vijiji jirani. Watu zaidi ya 80 walikufa. Sisi tuliojenga hadi juu ya mawe ya Mabatini na Igogo tusihitaji kuelezwa mara mbili maji yanavyoweza kufanya mlimani. Ndiyo maana tulichagua Agosti, kukiwa kukavu, na tukamfuata kijana wa Katesh anayeijua njia.

Tulianza kwa tochi, alfajiri. Mashamba yakaisha, tukaingia msituni, na hapo ndipo watu waliozoea vilima vya mawe matupu tulipoanza kunong'ona bila kuambiwa. Miti imefungamana, kuvumwani inaning'inia matawini kama ndevu za babu, na ardhi inabonyea unapokanyaga. Juu zaidi miti inafupika, inakuwa vichaka, kisha majani na mawe na upepo wa baridi kali. Kilele tulichokishangilia kwa kelele nyingi hakikuwa chenyewe. Kiongozi wetu alicheka, akasema wote hushangilia hapohapo, kisha akatuonyesha mgongo mrefu wa mlima uliokuwa bado unatusubiri.

Kwenye kilele halisi, mita 3,420, mtu hasemi sana. Upande mmoja ni mashamba ya Basotu, upande mwingine Bonde la Ufa, na chini yako Ziwa Balangida likimeta weupe. Mwenzetu mmoja, mvuvi wa sangara, alilitazama kwa muda akauliza kule wanavua nini. Kiongozi akamjibu: chumvi.

Sasa malalamiko yangu. Kabla ya safari nilipiga simu ofisi moja inayopeleka watu milimani. Swali la kwanza: "Mgeni wako anatoka nchi gani?" Nikasema anatoka Buhongwa, na ndiye mimi. Kimya. Kisha nikatajiwa bei kwa dola. Tulipofika wenyewe, ada ya hifadhi tulilipa kwa shilingi, kiwango cha raia, bila maswali.

Kwa hiyo nawaomba waandaaji wa safari hapa jijini, wanaobandika matangazo ya Serengeti na Saanane kila sikukuu, waiweke na Hanang. Waseme wazi kwamba msimu wake ni Juni hadi Oktoba, si wakati wa masika. Wataje bei kwa shilingi, ikiwa na nauli, chakula na kiongozi wa palepale. Na wasifiche habari za magoti: kushuka kuligharimu kuliko kupanda, na Jumatatu niliingia kazini nikitembea kama bata.

Mzee jirani ameshatazama picha zote mara mbili. Swali lake sasa ni kama ziwa letu linaonekana kutoka kule juu. Nimemwambia halionekani, lakini ameuliza nauli.

Msomaji wako,
Buhongwa, Mwanza