Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti: Mwaka Tuliojifunza Kukaa Kimya Redioni

Ndugu wanachama,

Mkutano uliopita mlinituma jambo moja: chama kiache kuwa kijiwe cha kuonyeshana picha za mawingu, kiwe cha watu wanaorusha ndege za kuigiza kwenye kompyuta kama ndege halisi inavyorushwa. Tumefika nusu ya njia, na nitawaambia kwa nini ni nusu.

Ubishi wa kadi za picha, zile zinazochora mandhari kwenye kompyuta, sitauingia. Mwenye kompyuta mpya ajivunie tu, jasho lake. Ila mandhari hata yawe mazuri vipi hayamuulizi rubani swali. Anayemuuliza ni mwongoza ndege, mtu hai aliyeketi kwake kama wewe ulivyoketi kwako, ana rada kwenye skrini na anasubiri jibu. Ndiyo maana mwaka huu safari zetu za pamoja tumezihamishia VATSIM, mtandao wa marubani na waongozaji wa kuigiza, uliopo tangu 2001 na usiotoza hata senti. Waliozoea IVAO, mtandao mwingine wa aina hiyo, uliomtangulia kwa miaka mitatu, hakuna aliyewafukuza.

Kilichotutoa jasho ni kurudia maagizo. Kibali, kimo, namba ya transponda (kifaa kinachoitambulisha ndege kwenye rada), kipimo cha mgandamizo wa hewa, njia ya kurukia: vyote unamrudishia mwongozaji kama alivyokupa. Ukijibu "roger", yaani nimekusikia, ukanyamaza, hujajibu. Baadhi yenu mlilalamika kwamba tunasahihishana kama shule ya msingi. Nilichowajibu wakati ule nakirudia. Tarehe 27 Machi 1977, kwenye ukungu wa Tenerife, kisiwa cha Hispania, Boeing 747 ya KLM ilianza mbio za kuruka huku ya Pan Am ikiwa bado kwenye njia ya kurukia mbele yake. Ziligongana, wakafa watu 583. Miongoni mwa sababu ni maneno ambayo kila upande uliyaelewa kivyake, na sauti mbili zilizopishana kwenye masafa yaleyale zikafunikana hadi ikabaki kelele. Tangu hapo neno "takeoff" (kuruka) halitamkwi ovyo: linangoja kibali chenyewe cha kuruka, au kufutwa kwake. Kabla ya hapo unasema "departure" (kuondoka). Kwa hiyo katibu akikukatisha kwa neno hilo, usinune.

Kufunikana huko hata sisi tunako. Tangu VATSIM ibadilishe mfumo wake wa sauti mwaka 2019, wawili wakibonyeza kitufe pamoja hasikiki yeyote vizuri, na ukiwa chini, mbali na kituo, mawimbi hayakufikii. Nami ni shahidi kwa aibu yangu. Nilikuwa nakaribia Nairobi, nina haraka, nikabonyeza bila kusikiliza kwanza, nikafunika kibali cha kutua cha mwenzetu aliyekuwa fainali, mkondo wa mwisho kabla ya kutua. Akalazimika kupaa tena na kuzunguka. Hakuniambia kitu, na kunyamaza kwake kuliniuma kuliko matusi.

Safari iliyotufundisha zaidi ni fupi kuliko zote: Dar es Salaam hadi Zanzibar kwa Caravan, ndege ndogo ya injini moja. Hazizidi sana maili 40 za baharini, lakini kama waongozaji wapo hupati nafasi ya kunywa chai. Hujamaliza kuagana na huyu, umeshakabidhiwa kwa yule. Upepo nao ni wa kweli, unatoka kwenye taarifa za hewa za saa ileile. Wakati wa kaskazi mnatua Zanzibar kwa njia namba 36, mkielekea kaskazini, kusi ikishika mnageuziwa 18, mkielekea kusini. Wazee wa majahazi wangetucheka kwamba tumehitaji kompyuta kulijua hilo.

Sasa ile nusu iliyobaki. Usiku mwingi anga letu halina mwongozaji hata mmoja, tunabaki kutangaziana wenyewe kwenye masafa ya 122.8. Dawa si kulalamika, ni kusomea. Ngazi zinajulikana: S1 anaongoza ndege ardhini, S2 anakaa mnarani, S3 anapokea zinazokaribia, C1 anashika anga la juu. Wawili wetu wameanza masomo ya S1. Naomba wapatikane wengine, hasa mnaopenda kukosoa waongozaji wa nchi za watu.

Kuna anayeona haya kwa Kiingereza chake. Ndugu yangu, redioni hakuna Kiingereza cha kuringia. Tatu ni "tree", tano ni "fife", tisa ni "niner", makusudi ili koo la kila taifa lisikike. Nimewasikia Wazungu wakiambiwa warudie mara tatu.

Nidhamu, kwa ufupi. Huruhusiwi kuiacha ndege bila mtu kwa zaidi ya nusu saa, hata kama ugali umeiva. Transponda 7500, ya utekaji, haiguswi kabisa, wala kwa mzaha. Ukiigiza dharura na mwongozaji akakuambia uache, unaacha. Umeme ukikatika ukiwa fainali, hiyo tunaielewa wote. Rudi ukiweza, uombe radhi.

Hesabu atazisoma mweka hazina. Nafasi ya mratibu wa safari iko wazi, na mwenye kuitaka aje na hedfoni yenye maikrofoni nzuri. Ile ya chama ilipotea kwenye safari ya Kilimanjaro, na aliyenayo anajijua.